Chai Iliyojaa Pomoni katika Hoteli Firuza

Kila alasiri Oysara alitoka shuleni akampitia mama yake ofisini, wakarudi nyumbani pamoja. Siku hiyo hawakurudi. Mama yake, Bi Mastura, alikuwa na kazi ya kuchagua hoteli ya mkutano wa wafanyabiashara wa zabibu kavu, hapo hapo mjini kwao Tashkenti. Mwaka uliopita alichagua kwa kutazama picha tu, vyumba havikutosha, na watu wazima wakalala kwenye makochi ya mapokezi. Bosi wake akamwonya: akikosea tena, kazi hana.

Hoteli Firuza iling'aa hata ungeweza kunyolea ndevu sakafuni. Meneja, Bwana Abror, aliwapokea mkono kifuani, akawaingiza katika ukumbi wa mikutano.

"Ukumbi wetu mtulivu, dada yangu. Sindano ikianguka, utaisikia ikiomba radhi!"

Mama akacheka. Oysara hakucheka. Mbona pazia zito limefunika ukuta mzima wa nyuma?

"Mjomba, nyuma ya pazia kuna nini?"

"Ukuta tu, binti. Ukuta kama kuta nyingine."

Akageuka upesi kumimina chai, akavijaza vibakuli vya kunywea mpaka ukingoni.

Oysara akashtuka. Kwao mgeni humiminiwa kidogo, aongezwe tena na tena. Kumjazia pomoni ni kumwambia: kunywa, uende zako. Bibi yake aliwahi kumjazia hivyo mshenga mmoja, na mshenga akaondoka bila kuaga. Sasa huyu anatafuta wateja, au anawafukuza? Mama, aliyekuwa ameinamia mkataba, hakuona kitu.

"Naomba kuona bwawa la kuogelea," Oysara akasema.

Meneja akampeleka mwenyewe, mbio mbio. Maji yalikuwa ya buluu, mtoto wa watu akatamani kujitosa na sare yake. Mara mlango wa pembeni, upande ule ule wa pazia, ukafunguka. Wakapita vijana wenye matarumbeta ya harusi, marefu kuliko wao, na nyuma yao sufuria ya pilau ambayo ng'ombe angeweza kuogelea ndani.

"Kumbe kuna ukumbi wa harusi!"

Bwana Abror akainama, akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Siku za mkutano utaogelea bure, wewe na rafiki zako. Ila mambo ya mlango huu ni yetu mimi na wewe. Sawa?"

Darasani kwao hakuna aliyewahi kuogelea hotelini. Wangemwonea wivu mwaka mzima! Lakini aliporudi ukumbini akamkuta mama ameshashika kalamu.

"Mama, usitie sahihi! Nyuma ya pazia kuna harusi. Ameniahidi kuogelea bure nikinyamaza."

"Watoto wa siku hizi na hadithi zao!" meneja akacheka, kicheko kikavu. "Dada, kunywa chai. Jioni hii njiani kuna foleni."

Mama akatazama kibakuli kilichojaa, akamtazama meneja. Akaweka kalamu chini.

"Sina haraka, Bwana Abror."

Akanywa kama ndege, tone kwa tone. Meneja akatokwa jasho. Kibakuli hakijafika nusu, matarumbeta yakalia. Pazia likatetemeka, taa zikacheza, na mhudumu akashika kofia yake isiruke.

"Ndiyo sindano yako hiyo?" Mama akauliza.

"Harusi ni jioni tu, dada... na karamu ya pilau ya alfajiri."

"Alfajiri pia!"

Kesho yake wakaenda hoteli nyingine, ndogo. Meneja wake, Bi Hurmat, aliwaambia mlangoni: "Lifti yetu imezeeka, ina hasira. Maji ya moto huchelewa. Kelele hakuna, lakini msiniamini mimi, kaeni mpaka usiku mhakikishe."

Wakakaa. Kukawa kimya. Mama akatia sahihi. Mkutano ulipokwisha, wageni walinung'unikia lifti tu, na bosi akampa Bi Mastura kazi ya kuandaa mkutano ujao.

"Bado unalitamani lile bwawa?" Mama akamuuliza.

"Sana," Oysara akajibu.

"Najua, mwanangu. Ungenyamaza ungeogelea, na mimi ningekuwa natafuta kazi. Mtu akikuomba umfiche mzazi wako jambo, mtilie shaka, hata akikupa bahari nzima. Na wewe sema kweli kama ulivyosema, hata pale inapokukosesha kitu unachokitamani."