Oili ya Ndege Katika Pikipiki ya Manasseh

Jamaa zangu mnaochuma chai na mnaoipima, mnaokwenda kanisani Jumamosi na mnaokwenda Jumapili, nawaomba mkae kidogo niwaeleze yaliyompata jirani yangu Manasseh Onsongo. Simsemi kwa ubaya. Nilimwomba ruhusa, na aliponiruhusu alicheka, ingawa siku ya tukio lenyewe hakucheka.

Mwaka ule wa sabini na nne sikujua nyumba tulivu kuliko yake huku kwetu Nyamache. Manasseh alikuwa karani wa kupima majani ya chai. Mkewe Jemimah alilima, na binti yao Nyanchama ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Jioni ungesikia pikipiki ikipanda kilima, kisha ungemwona Jemimah akifungua mlango wazi kabisa, kwa sababu pikipiki hiyo ililala sebuleni pamoja na viti. Kila Ijumaa, kabla jua la kuingiza Sabato halijatua, Manasseh aliiosha na kuipangusa mpaka ukaweza kujitazama ndani yake. Na Manasseh alimpenda mkewe vilevile, msinielewe vibaya. Akitoka sokoni Daraja Mbili hakukosa kumletea kitu, hata kama ni kitambaa tu cha kichwa. Kosa lake lilikuwa moja. Alimpenda mkewe bila kumsikiliza.

Basi ndugu yake Ombati, aliyefanya kazi katika uwanja wa ndege Nairobi, akaja likizo na bati la oili. Ilikuwa oili ya injini za ndege, iliyotengenezwa na wataalamu bila hata tone la ile tuliyoizoea sisi. Ombati alipewa kama zawadi, na hakujua zaidi ya hapo. Manasseh alifurahi mno. Aliimwaga oili yake ya zamani shimoni, akatia ile mpya, akatutangazia kwamba oili iliyopanda mawinguni na kurudi salama haiwezi kushindwa na vilima vya Gusii. Tangu siku hiyo hakukitazama tena kijiti cha kupimia oili. Aliona kukitazama ni kama kuitilia shaka.

Haukupita muda, Jemimah akaanza kuona matone sakafuni asubuhi, chini ya pikipiki. Aliyafuta. Kesho yake yakawepo tena, makubwa zaidi, naye akawa anatandika kipande cha jani la mgomba kabla ya kulala ili saruji yake isiharibike. Alimwambia mumewe. Manasseh akamjibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba hayo ni maji ya mvua yanayotoka kwenye magurudumu.

"Baba Nyanchama, maji hayatelezi hivi kwenye vidole," alisema Jemimah.

"Mama Nyanchama, wewe nipikie tu. Mambo ya injini niachie mimi."

Alisema hivyo akitabasamu, na ndiyo maana halikuonekana kuwa neno baya. Niwaulize, ni wangapi kati yetu tumelisema neno hilo wiki hii? Jemimah akaendelea kutandika jani.

Mvua ya masika mwaka huo ilinyesha vibaya. Habari zikaja kwamba mama yake Jemimah, mzee Nyamoita, aliyeishi ng'ambo ya Itumbe, ameshikwa na kifua na hapumui vizuri. Barabara ya kwao ilikuwa matope matupu, wala hakuna gari lililoweza kufika. Nyanchama akaachwa kwangu, wazazi wake wakaondoka na pikipiki. Walimkuta mama amelazwa karibu na moto, midomo imebadilika rangi, na majirani wakinong'ona.

Hapo pakawa na tatizo ambalo mgeni asingelielewa. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, wala haingii chumba anacholala, na mama huyo hata awe anakufa hawezi kumkumbatia mkwe wake mgongoni. Manasseh alisubiri nje mvuani. Jemimah ndiye aliyeamua. Alikaa katikati, mama yake akafungwa kwa leso mgongoni kwake, na yeye akawa ukuta wa heshima kati ya wawili hao. Hivyo ndivyo watu wazima watatu walivyoanza safari ya hospitali ya misheni juu ya injini iliyokuwa karibu kukauka.

Mlima wa kwanza iliupanda kwa kulalamika. Walipofika juu, ikatoa sauti ya chuma kusaga chuma, ikazima. Manasseh alikanyaga kuiwasha, ikakataa kabisa. Akachomoa kijiti cha kupimia, na kijiti kilikuwa kikavu. Alikitazama sana, kisha akamtazama mkewe.

"Ulijua," akasema.

"Nilikuambia," akajibu Jemimah. "Sasa sukuma."

Jemimah akasogea mbele akashika usukani, yeye ambaye mambo ya injini hayakumhusu, huku mama yake amemwegemea. Manasseh akashika chuma cha nyuma akasukuma, amegeuza uso pembeni asimtazame mama mkwe. Kwenye miteremko mkewe alivuta breki kama alivyoelekezwa. Kwenye matope Manasseh aliteleza akapiga magoti, akainuka, akasukuma. Alilia njia nzima. Aliogopa kwamba atamrudisha mkewe nyumbani akiwa yatima, na kwamba jani la mgomba litatoa ushahidi dhidi yake.

Mungu ni mwema. Walifika mama akiwa bado anapumua. Daktari alisema wangechelewa kidogo zaidi wangeleta maiti. Pikipiki ilipofunguliwa, fundi Machogu wa Kisii mjini alisema oili ya ndege ni nyepesi, si ya injini ile, na ilikuwa imeharibu mipira inayoizuia isitoke. Lakini aliongeza kwamba mtu angetazama sakafu tu angejua.

Siku ya kutoka hospitalini, mzee Nyamoita alisimama mbali na mkwe wake kama desturi inavyotaka, akasema naye kupitia kwa binti yake.

"Mwambie mkwe wangu nilimsikia barabarani," alisema. "Alikuwa anapumua vibaya kuliko mimi. Mwambie nimemsamehe. Lakini wewe nilikuzaa na macho, na asipoyatumia yatazeeka bure."

Manasseh aliinamisha kichwa, akasema amesikia.

FUNZO

Kitu kizuri hakiondoi kazi ya kukitunza. Hata oili bora duniani itauua mtambo wako ikiwa si yake, au ikiwa umeacha kuitazama. Na wewe mwenye nyumba, usidhani upole unatosha. Zawadi ni nzuri, lakini anayepika, anayefagia na anayefuta sakafu huona mambo usiyoyaona, na neno lake linaweza kuokoa mtu wa kwenu.

Ukipita kwa Manasseh asubuhi hizi utamkuta amepiga magoti sebuleni, anapapasa saruji chini ya pikipiki. Akimaliza huita, "Mama Nyanchama, njoo uangalie." Na haiwashi mpaka Jemimah ameinama, ameangalia, na amesema ni pakavu.