Vimulimuli Ndani ya Mshipa

Vimulimuli viliingia kwenye damu ya Rubani Shekue kupitia sindano nyembamba mkononi, na hakuhisi kitu. Ni chembe za chuma zilizopakwa sukari, ndogo kiasi kwamba kwazo punje ya vumbi ni jabali. Askari weupe wa damu huzimeza kwa ulafi, kisha hukimbilia popote palipovimba, taa zikiwa tumboni nao hawana habari.

Aliyevibuni ni mkewe, Dakta Siwema. Aliwasha mtambo, na mishipa yote ya mumewe ikatokea hewani katikati ya chumba, tawi kwa tawi, ikipwita. Picha za namna hiyo alikwisha kuziona nyingi mno katika maabara yake pale Tanga, lakini mwili ulimsisimka upya. Mungu fundi, bwana.

Kilichobaki kilikuwa cheti cha afya tu. Ijumaa Shekue angeruka kwenda Mirihi, na kurudi ni baada ya miaka saba.

Ndipo kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa shingo ikawaka nukta nyekundu. Ikafuata nyingine, kisha kundi zima.

"Alhamdulillahi," Siwema akasema.

Neno lilimponyoka. Shekue aligeuza kichwa.

"Hapo pana nini, Mama Azza?"

"Mshipa umevimba kwa ndani, askari wa damu wamejazana hapo. Roketi ikikubana wakati wa kupaa, ule uvimbe unaweza kupasuka, damu igande, izibe njia ya ubongo. Ukitumia dawa mwaka mmoja utapona."

"Na Ijumaa?"

"Huendi."

Shekue aliketi, akazitazama zile nukta zikimetameta, nzuri kupita kiasi kwa kitu cha kuua mtu. Safari aliyoiota tangu shuleni ilikuwa imeishia pale.

"Kama ni ugonjwa, ulikuwa unashukuru nini?"

Siwema angeweza kusema anashukuru kwamba wameuona mapema. Ingekuwa kweli pia, na mtu mwingine yeyote angeikubali. Lakini huyu alikuwa mumewe, na hakuna mtambo ulioijua sauti ya mkewe kama yeye.

"Nimefurahi kwamba huondoki, Baba Azza," akasema. "Na nimeogopa sana. Vyote vimenijia pamoja."

Machozi yalimlengalenga Shekue.

"Hilo la kuogopa," akasema, "ungelitanguliza."