Sikio la Ng'ombe wa Msiba

Shangazi yangu Naomi wa Ikolo si mtu wa ndoto. Ni mtu wa mpunga na ng'ombe. Ndiyo maana namwamini.

Alipofiwa na mumewe, Yakobo, tulimchinja Subila, ng'ombe ambaye marehemu alimkamua kwa mkono wake miaka yote. Kwetu ng'ombe wa msiba huenda na mwenyewe, hakibaki kitu. Lakini siku ile Eliud, mtaalamu wa mradi wa kunakili ng'ombe wa nyama, yaani kuotesha mwingine yule yule kutoka kipande cha mwili wake, aliomba kipande cha sikio. Shangazi alikuwa analia. Akasema, chukua.

Mwaka uliofuata Eliud akamletea ndama amlee. Baka jeupe lile lile la Subila kwenye paji. Wenzake tisa, alisema, walikufa tumboni au siku ya kuzaliwa. Alisema hivyo huku anakunywa chai yetu.

Asubuhi hiyo hiyo ndama, ambaye hakuwahi kufika pale, alizunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye migomba, pale tulipomchinjia Subila. Akapiga magoti. Akalala ubavu. Akanyoosha shingo, akangoja.

Alifanya hivyo kila alipoona kisu, hata cha kumenyea ndizi. Shangazi akaanza kuficha visu. Tulimtania kwamba uzee umempigia hodi.

Ndama alipokua, Eliud alirudi na wachinjaji. Mradi ulitaka kupima nyama.

"Ndaga, asante kwa kuja, baba," shangazi alinong'ona. "Ila huyu mwacheni. Ameshachinjwa."

"Mama, yule alikuwa mwingine."

"Basi muulize huyu."

Ng'ombe hakufungwa kamba. Alikwenda mwenyewe. Walipomchuna, mchinjaji alisimamisha kisu. Chini ya koo, upande wa ndani wa ngozi, palikuwa na kovu refu, la zamani, lililopona vizuri. Eliud alilitazama, akafunga daftari lake.

Nyama ile nililetewa sahani, nikala. Ilikuwa nyama tu. Shangazi hakula, wala hakulia. Tangu siku hiyo halii kwa lolote. Anapika, anafagia zizi tupu, analala.

Juzi gari la mradi lilishusha ndama mwingine. Baka lile lile. Huyu hakwenda kwenye migomba. Alikuja moja kwa moja miguuni kwa shangazi, akapiga magoti, akanyoosha shingo.

Nikainama. Nikapapasa chini ya koo lake.

Makovu yalikuwa mawili.