Laini ya Nchi Nne

Alhamisi ya gulio Lushoto, ukikosa ulichokuja kukitafuta, basi hukukihitaji. Kuna peasi na pichesi, kuna kabichi kubwa kama vichwa vya ndama, kuna masweta ya mtumba yaliyoona baridi za Ulaya yakaja kumalizia maisha kwenye baridi yetu. Katikati ya ghasia hizo, chini ya mwavuli uliopigwa jua na mvua mpaka ukasahau rangi yake, alikaa Tabitha binti Nathanaeli wa Kwai, msajili wa laini za simu. Alivaa sweta la bluu na kitenge cha njano, na alikuwa na jicho lililompima kila mwanaume mara mbili kabla ya kumpa kiti.

"Onga mshi, dada."

Akainua macho kusikia salamu ya Kisambaa. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, koti la kodrai la kahawia limepauka mabegani, amepakata kitu kilichoviringishwa blanketi kama mtoto mchanga.

"Onga mshi, karibu. Huyo mtoto anaumwa?"

"Anaumwa kifua. Badala ya kuimba anakohoa." Akafunua blanketi kidogo, mdomo wa shaba wa tarumbeta ukachungulia. "Nataka laini moja tu, dada. Laini itakayofanya kazi nchi nne: hapa kwetu, Kenya, Uganda na Rwanda."

Saumu, muuza peasi wa meza ya pili, aliacha kupanga peasi.

"Nchi nne," alisema Tabitha taratibu. "Na wake wangapi?"

"Sina hata mmoja."

"Wote husema hivyo. Kazi gani inamzungusha mtu nchi nne?"

"Mimi ni fundi wa matarumbeta."

"Fundi wa nini?"

"Matarumbeta ya kanisani. Likibonyea nalinyoosha, likivuja naliziba. Bendi za makanisa zinaniita huko kote. Naitwa Elieshi, natoka Shume."

Tabitha aliguna. Mezani pale alikwisha kusikia uongo wa kila namna, lakini wa matarumbeta ulikuwa mpya, na upya wake ndio uliomtia shaka zaidi.

Tusimlaumu. Miaka miwili nyuma alikuwa mchumba wa Davis, mpima ardhi mwenye simu mbili na meno mazuri. Siku moja akaja mama mmoja kutoka Korogwe kusajili laini. Tabitha akamhudumia vizuri, akamwambia ajaribu kumpigia mtu yeyote. "Nampigia mume wangu," yule mama akasema, na Tabitha, aliyeinama kumsaidia, akaiona namba inavyobonyezwa, tarakimu moja baada ya nyingine. Aliijua kwa kichwa. Tangu siku ile, mwanaume akimsalimia "habari za asubuhi" alichungulia kwanza nje kuhakikisha kama kumekucha kweli.

"Sikiliza," alimwambia fundi. "Laini moja kwa nchi nne inawezekana. Hii ya kwetu itafanya kazi huko nje, lakini salio litakwisha hujamaliza kusema haloo. Kuna na laini zisizo na kadi, za kupakua, ila simu yako hii," akaigeuza huku na huku, "ilizaliwa kabla ya habari hizo. Bahati ina nafasi mbili. Ya kwanza weka laini ya nyumbani, isitoke, ujumbe utakufikia popote. Ya pili ubadilishe kila nchi. Ukivuka mpaka, nenda duka la kampuni yenyewe, toa pasi yako, usajiliwe kwa jina lako. Na wale wanaotembeza mpakani laini zilizokwisha kusajiliwa, wapite kama hujawaona. Laini ya namna hiyo ina jina la mtu mwingine. Ikiwa imetumika kwenye uhalifu, utakayefungwa ni wewe uliyekutwa nayo."

"Nimesikia, mwalimu."

"Lete kidole."

Kidole gumba kikakataa. Cha shahada kikakataa. Mashine ikawaka taa nyekundu kila mara, kwa kuwa vidole vya fundi vililika kwa moto na msasa mpaka alama zake zikafifia. Tabitha akavishika kimoja kimoja, akavipangusa, akavikandamiza kiooni.

"Mwenzetu," alisema Saumu, "hicho umeshakishika mara tatu."

"Mashine inasumbua."

"Ipi? Hiyo ya mezani au ya kifuani?"

Kidole cha tisa ndicho kilichokubali. Elieshi akalipa, akanunua na peasi mbili, moja akamwachia Tabitha, akaondoka na mgonjwa wake mikononi.

Jumapili iliyofuata, saa kumi alasiri, simu ikalia kutoka namba ya Kenya.

"Mwalimu, mimi mwanafunzi wako. Nimesajiliwa hapa Voi kwa pasi yangu, dukani kabisa."

"Na namba yangu umeitoa wapi?"

"Kwenye mwavuli wako. Umeiandika kubwa kuliko jina la kampuni."

Tabitha alicheka mwenyewe, halafu akajikemea kwa kucheka. Jumapili nyingine ikalia tena saa kumi, na nyingine tena. Fundi aliporudi, Tabitha, ambaye si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, alipanda Shume bila kuaga kwenda kuhakikisha. Akakuta banda la mbao lenye harufu ya msonobari, matarumbeta yakining'inia darini kama mikungu ya ndizi, na Elieshi amevaa aproni akipuliza bomba kwa mashavu yaliyovimba kama chura.

"Kumbe kweli," alisema mlangoni.

"Ulitaka iwe uongo?"

"Ingekuwa rahisi zaidi."

Haikuwa rahisi. Miezi minane baadaye walikuwa wanaitana mpenzi hata mbele ya Saumu, na ikakubaliwa kwamba Elieshi akiwa safari yake ya pili, wazee wa Shume watapeleka barua ya posa Kwai. Mwenye kuposa si lazima awepo. Kinachotakiwa ni barua, mshenga, na mdomo wa binti.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, saa kumi kamili, namba ya Uganda ikaita.

"Kipenzi, hujambo? Huku mvua inanyesha utadhani imelipwa."

"Sijambo, mpenzi. Laini umesajili wapi?"

"Dukani, kwa pasi yangu. Kama ulivyonifundisha."

Lilikuja haraka mno jibu hilo. Jibu la kweli hukohoa kidogo kabla ya kutoka. Hili lilikuwa limeshavaa viatu, linasubiri mlangoni.

Wakazungumza habari za barua, za suti ya mshenga, za sufuria gani litapikiwa chai. Simu ilipokatika, Tabitha akafanya anachofanya kila mtu wa nchi hii anayetaka kujua namba ni ya nani: akajifanya anaitumia pesa, maana siku hizi pesa za simu huvuka mpaka. Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukutajia jina la mpokeaji. Ukishalisoma, unafuta, na Mungu pekee ndiye shahidi.

Likatokea jina. Evelina.

Akafuta. Akarudia. Evelina.

Jumatatu akapiga ile namba, haipatikani. Jumanne, haipatikani. Jumatano Elieshi akapiga kutoka Rwanda, mchangamfu kama kawaida, na Tabitha akajibu kwa neno moja moja. Akaijaribu na hiyo namba. Hiyo ilikuwa na jina la Elieshi, kamili, hadi la babu.

"Kwa hiyo Rwanda yeye ni Elieshi," alimwambia Saumu kesho yake gulioni, "Uganda ni Evelina. Kenya labda ni bibi yangu mzaa baba."

"Muulize, shoga."

"Nimuulize nini? Davis nilimuuliza mara saba. Alijibu mara saba, na majibu yote yalikuwa mazuri."

"Huyu si Davis."

"Umejuaje? Na yeye ana meno mazuri."

Saumu akarudi kwenye peasi zake. Tabitha akasajili laini kumi na mbili siku hiyo, na kila mteja mwanaume aliulizwa kama ameoa, swali ambalo halimo kwenye fomu.

Jumapili, baada ya ibada, wazee wakafika Kwai. Mshenga mzee Hezekia alivaa suti nyeusi na kofia ya sufi, na barua alikuwa ameifunga ndani ya leso nyeupe. Tabitha akapiga goti, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akamimina chai ya maziwa. Gauni lake la kijani lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya siku hiyo, na lilimkaa vizuri mpaka lilimuuma.

Mzee Nathanaeli akaiweka barua mezani bila kuifungua. Ndivyo ilivyo: baba hafungui mpaka binti aseme.

"Tabitha, mwanangu. Wageni hawa wametumwa na mtu. Ukisema unamjua, tunafungua. Ukisema humjui, barua inarudi kama ilivyokuja. Je, unamjua?"

Jogoo wa jirani akawika, asiye na habari.

"Baba, nilidhani namjua," alisema Tabitha. "Simjui."

Kikombe cha mzee Hezekia kikasimama nusu ya njia. Kisha akakiweka chini taratibu, akaifunga tena barua kwenye leso, akashukuru kwa chai. Watu wazima hawabishani na neno hilo. Lango lilipofungwa, mzee Nathanaeli alimtazama binti yake, akasema tu, "Kama una sababu, sawa. Kama una hofu tu, hofu haina watoto wa kukutunza uzeeni."

Alhamisi, ukungu ulikuwa bado haujanyanyuka sokoni, Elieshi akatokea. Alikuwa ametoka Kigali moja kwa moja, vumbi hadi kwenye nyusi, begi begani, koti limekunjamana kama aliyelilalia siku tatu.

"Tabitha."

"Karibu, kaka. Kusajili au kurudisha laini iliyopotea?"

"Mzee Hezekia amerudi na barua. Watu wa Shume wananiuliza nimeua nani. Na mimi nakuuliza."

"Evelina ni nani?"

"Evelina yupi?"

"Una Evelina wangapi?"

Elieshi akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani. Akafikiri kwa muda mrefu, na kila sekunde aliyofikiri ilikuwa msumari. "Simfahamu Evelina yeyote," alisema mwishoni. "Nakuapia."

"Namba uliyonipigia Uganda ina jina lake."

Uso wa fundi ukabadilika. Ilikuwa aibu, aibu ya mtu aliyekutwa amesimama kwenye bustani ya mwenzake.

"Ile laini," alisema kwa sauti ndogo, "niliinunua mpakani. Barabarani. Ilikuwa imeshasajiliwa. Jumapili ile duka lilikuwa limefungwa, laini ya nyumbani haikuwa na salio, na saa kumi ilikuwa inakaribia. Nikaitumia siku ile tu, nikaitupa."

"Ukaniambia umesajili dukani."

"Niliogopa utanigombeza."

"Mwanaume wa miaka thelathini na minne!"

"Kwako wewe, ndiyo."

Saumu akajifanya anahesabu peasi. Alikuwa amefika sita kwa mara ya nne.

Kazi yake Tabitha ilikuwa inamwambia jambo ambalo moyo ulikuwa umelizibia masikio. Msajili gani asiyeujua mchezo ule? Mteja anaweka kidole, anaambiwa hakijasoma, weka tena. Mara ya pili ni laini nyingine kwa jina lake, ya kwenda kuuzwa barabarani. Pengine Evelina alikuwa mama wa watu anayechuma kahawa yake, hajui kama kuna fundi wa Shume aliyepiga simu kwa jina lake. Yeye, Tabitha, aliyewaonya watu hatari hiyo kila siku, wiki nzima haikumjia.

Au pengine Evelina alikuwa mwanamke mwenye nyumba na kitanda.

"Ushahidi uko wapi?" aliuliza.

"Sina. Laini nimeitupa. Aliyeniuzia simjui jina wala sura, alikuwa na mwavuli." Elieshi akashusha begi. "Na wewe je? Uliona jina wiki nzima, tukazungumza Jumatano, hukuniuliza. Ukasubiri wazee wangu wavae suti. Mimi nilisema uongo mdogo kwa woga. Wewe umenikana mbele ya watu kwa jina la mtu nisiyemjua. Mimi si Davis, Tabitha. Nimechoka kulipa kosa ambalo sikulifanya."

Akalibeba begi lake, akageuka.

Hapo ndipo Tabitha alipoelewa kwamba anaweza kuwa sahihi na akabaki peke yake chini ya mwavuli mpaka nywele zigeuke mvi. Mashine ilikuwa mezani, taa inawaka kijani, tayari kuthibitisha mtu yeyote ni nani. Hili haikuliweza.

"Elieshi!"

Akasimama, bila kugeuka.

"Nimekosa. Nilipaswa kukuuliza."

"Na mimi nilipaswa kukwambia." Sasa akageuka. "Unaniamini?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile inayokuita." Akaisogeza mashine pembeni. "Nyingine utaitafuta mwenyewe, ukiwa mume wangu. Waambie wazee waje Jumapili. Barua iandikwe upya, ile ya kwanza nimeshaitia nuksi. Nikiulizwa, nitasema namjua, na kosa lake nalijua."

"Na lako?"

"Langu utaliandika kwenye barua, baba asome kwa sauti."

Elieshi alicheka, vumbi likapasuka mashavuni. Akaja hadi mezani, akamshika mkono mbele ya gulio zima, jambo ambalo Lushoto halifanyiki mchana. Mama mmoja mwenye kapu la karoti akasema "Yesu wangu," akaendelea kutazama.

Simu ya fundi ikalia. Wote wawili wakaangalia kioo. Namba ilianza kwa tarakimu za Uganda, haina jina.

Ikalia mara mbili, mara tatu. Elieshi akamnyooshea Tabitha simu. "Pokea wewe. Ujue."

Mkono wa Tabitha ulikwenda. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya tangu enzi za Davis, ukafika karibu kabisa na kioo. Akaurudisha, akaufungia ndani ya kitenge.

"Simu ni yako, mpenzi," alisema. "Pokea mwenyewe. Mimi nina mteja." Akamgeukia mama wa karoti. "Shikamoo mama, lete kidole."

"Marahaba mwanangu, lakini mimi sijaja kusajili laini."

"Lete tu, mama," alisema Tabitha, akikishika kidole cha yule mama kwa nguvu zake zote, macho kwenye mashine, asigeuke.