Forosadi ya Uani

Ule mforosadi mwitu ulizaa kabla ya kutoa maua. Mshonaji aliliona hilo asubuhi, akajiambia kuwa ni macho yake tu, yamechoka kwa kutunga uzi. Maana mtu aliyefiwa, Mola atusitiri, huona anachotamani.

Aliuchimbua mwenyewe kando ya kaburi la binti yake, akaupanda uani kwenye ndoo mbovu, chini ya kamba ya kuanikia. Mtoto yule alizaliwa bubu. Alicheka kwa mabega, akaondoka duniani bila kutamka neno. Gauni lake mama hakuligawa. Kila kukicha alilifua, ingawa halikuwa na uchafu, na yale maji akayamwagia mti, akiona vibaya kuyatupa mtaroni. Hapo ndipo alipokosea.

Siku moja alikuwa akikata matawi makavu. Kijiti kikamchoma, akanusa mafuta ya nywele za mtoto, na majani yakasema polepole, "Mama."

Hakukimbia. "Abee, mwanangu," akaitika.

Tangu hapo sauti ikazoea, ikamwita akipika, ikamwita akisali mpaka akapotewa na rakaa, matunda yakazidi kuiva meusi na kunuka kama nguo iliyolala na maji, cherehani ikazunguka peke yake, na nyayo ndogo za maji zikatoka kwenye ndoo, zikavuka ua, zikaingia chumbani hadi kitandani upande wake yeye, zote za kuja, hata moja ya kurudi hakuna.

Mumewe, fundi viatu, mtu wa utani aliyezoea kumwita Bi Sindano, siku hizo utani ulimkauka. Akamleta mwalimu wa chuo cha Kurani, msomeaji wa watu wenye mashetani. Mwalimu akasoma, akaeleza kwamba jini amekunywa maji ya lile gauni, akaijua kiu ya mwenye nyumba. Mkono uliopanda ndio uung'oe, na akiitwa asiitike.

"Mwalimu," mshonaji akanong'ona, "mwanangu hajawahi kuniita."

"Ndiyo ujue si yeye, dada yangu."

Akaung'oa. Mizizi ikamng'ang'ania vidole kama mtoto asiyetaka kuachwa, ikaita Mama, Mama, mpaka ndani ya moto aliouwasha kuuteketeza, naye akauma mtandio wake, hakuitika. Kisha uani kukawa kimya. Akalia kuliko siku ya mazishi, kwa kuwa sasa alikuwa na sauti ya kukumbuka.

Haukupita muda mrefu. Alitoka kumpelekea mteja nguo, aliporudi akalikuta gauni kambani, linachuruzika. Mumewe alikuwa amechutama mbele ya ndoo, akimimina maji taratibu. Kwenye udongo chipukizi jekundu lilikwisha kutokeza.

Hakugeuka. "Niache kidogo, mke wangu," akasema. "Wewe alikuita. Mimi bado hajaniita Baba."