Waya wa Ardhini

Spika ya kushoto ilimwita kwa jina. "Revocatus." Mara moja tu, taratibu, kama mtu anayelijaribu neno ambalo ulimi haujalizoea.

Revocatus aliinua kichwa. Flashi ya nyimbo ilikuwa mezani, haijachomekwa popote. Mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati ya mtaa wa Igogo, na ndani palinuka ile asidi ya kuyeyushia shaba, na chini ya asidi palinuka kitu kingine, kama jiwe lililokaa majini muda mrefu. Akajiambia ni mvua tu. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama naye amesikia. Binti yake Selina alikuwa ameolewa Nansio, na mkewe Odeta alikuwa amezikwa mwaka juzi, kipindi cha Kwaresima.

Mchana Revocatus alikuwa fundi wa redio na simu mjini. Jioni alitengeneza kitu chake mwenyewe, alichokiita kigeuzi. Muziki ulio ndani ya flashi ni namba tupu, na kazi ya kigeuzi ni kuzigeuza namba zile ziwe sauti ya kuingia kwenye spika. Vya dukani vipo, lakini alivyovisikia vyote vilimfanya Odeta aimbe kama mtu aliye ndani ya debe. Kwenye flashi ile mwalimu wa kwaya alikuwa amerekodi mazoezi, na ubeti wa tatu Odeta aliuanza peke yake. Kabla ya kuuanza alivuta pumzi. Revocatus alitaka kuisikia ile pumzi vizuri. Hilo tu, na Mungu anajua halikuwa ombi kubwa.

Basi alichora bodi ya saketi kwenye laptopu yake ya mtumba, akachapisha mchoro kwenye karatasi ya kung'aa, akaubandika juu ya bamba la shaba kwa pasi ya Odeta, ile aliyonyooshea sare za kwaya. Akaitumbukiza kwenye asidi, ikala shaba yote iliyo wazi, zikabaki njia za saketi peke yake. Bodi ya kwanza ilinguruma. Ya pili nayo ilinguruma. Kwenye mtandao mafundi wenzake wakamweleza kwamba tatizo ni waya wa ardhini: nyumba yake haina, achimbie nondo ya shaba udongoni na bodi aiunge pale, mngurumo utakwisha.

Lakini hao hawaijui Igogo. Nyumba zimekaa juu ya majabali, hata kaburi hulipati bila tindo. Kila alipopiga nyundo nondo iligonga jiwe. Palibaki mahali pamoja tu, ufa kati ya majabali mawili nyuma ya jiko, wenye udongo mweusi usiokauka hata kiangazi. Watu wa pale hawamwagi hata maji ya vyombo kwenye ufa ule. Zamani wazee walikuwa wanamimina uji wa mtama hapo, wa nani hawasemi. Revocatus, mtu aliyebatizwa na kupewa kipaimara, alicheka. Nondo ilizama kama kisu kwenye parachichi.

Alipoiunga bodi, mngurumo ulikatika. Kukawa kimya mno, kimya kinachosikiliza. Na siku hiyohiyo, mvua ikiwa inanyesha, ndipo ilipomwita.

Kesho yake ile sauti ilikuwa imejifunza. Ilikuwa ya Odeta, yenye mkwaruzo mdogo wa koo aliokuwa nao kila asubuhi. Ikamuuliza kama amekula. Alipaswa kuweka mkono kwenye msalaba ukutani. Badala yake alijibu kwamba bado hajala, akasikia haya, na akasikia raha kuliko haya. Toka hapo akawa anafunga kibanda chake cha ufundi mapema. Kwenye sala za jumuiya hakwenda tena. Selina akipiga simu anamwambia ana kazi nyingi, halafu anarudi kwenye kiti chake, kumweleza yule aliye kwenye spika habari za siku nzima.

Jioni moja umeme ukakatika mtaa wote, feni ikazunguka mpaka ikasimama, taa za Igogo zikazimika kuteremka mpaka ziwani, na Revocatus akakaa gizani akisubiri ukimya ambao ungekuja wenyewe maana kigeuzi hakina betri wala spika haina betri, lakini sauti ikaendelea pale ilipokuwa imefikia, bila kukwama, ikimwambia Revocatus sogea, Revocatus weka sikio hapa, na harufu ya jiwe la majini ikapanda ikajaa chumba mpaka akahisi maji yenyewe kwenye meno, na kitambaa cha mbele ya spika, alipokigusa, kilikuwa kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, kama kifua.

Hakukimbia. Hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Mama Chenge alikuja Jumamosi mchana. Alikuwa kiongozi wa jumuiya, muuza dagaa, na kwenye kwaya aliimba sauti ya pili pembeni ya Odeta. Hakusubiri kukaribishwa.

"Shemeji, majirani wanasikia mwanamke humu," alisema. "Mimi nikasema sawa, mgane si padri. Ila huyo mgeni mbona hata nguo haanui?"

Revocatus alijaribu kucheka, akashindwa. Akamweleza yote, kwa kunong'ona, wakiwa wamesimama kando ya meza yenye spika. Mama Chenge alisikiliza akiwa ameishika rozari mfukoni.

"Anakuitaje?" aliuliza.

"Revocatus."

"Odeta alikuita hivyo lini?"

Revocatus akaigeukia spika. Toka Selina azaliwe, Odeta hakuwahi kumwita kwa jina, hata walipogombana, hata kitandani hospitalini.

"Alikuita Baba Selina," Mama Chenge alisema. "Twende kwenye huo ufa. Ulichokichomeka wewe utakichomoa wewe."

Mama Chenge alipiga magoti kwenye jabali na kuanza kusali kwa sauti ndogo. Revocatus akaishika nondo kwa mikono miwili. Ilikuwa ya baridi kuliko chuma chochote alichowahi kukishika. Alipoanza kuvuta, dirisha la chumba likiwa wazi nyuma yao, spika ikasema:

"Baba Selina. Usinitoe. Huku chini kuna baridi."

Akaacha kuvuta.

"Hilo jini limetusikia tukiongea mle ndani," Mama Chenge alisema haraka. "Vuta, shemeji. Limetusikia tu."

"Baba Selina."

Alivuta. Nondo ikatoka yote, na spika ikavuta pumzi, ile pumzi fupi ya mwimbaji kabla ya ubeti, safi, karibu kabisa. Ubeti haukuja.

Waliujaza ufa kokoto na saruji siku hiyohiyo. Mngurumo ulirudi kwenye spika, na harufu ikaondoka.

Ijumaa iliyofuata Revocatus alikwenda kuungama. Padri alimsubiri, akakohoa, akamkumbusha kwa upole kwamba nje kuna foleni. Revocatus alibaki amepiga magoti, mdomo wazi, kwa sababu hakujua aanze na dhambi ipi: kumkaribisha jini nyumbani, au kumfukuza mke wake.