Sura Isiyo na Mwenyewe

Magharibi ile nilikuwa natafuta unga wa ngano. Si wa kula, wa kupikia gundi. Jaribu kumwambia hivyo mtu aliyeshinda kwenye foleni ya chakula mwaka ule wa sabini na moja, uone atakavyokutazama. Nilizunguka Malindi nzima na bakuli mkononi, kila duka naambiwa hakuna, na hasira zilikuwa zimenifika kooni.

Kazi yetu ilikuwa katuni za serikali. Tulikuwa wawili, mimi Mjaka na mwenzangu Hamoud, ghorofa ya juu ya nyumba ambayo wenyewe waliiacha wakati wa mapinduzi ya sitini na nne na hawakurudi. Mimi nikichora kwa wino, Hamoud akitia rangi. Kila wiki tulitoa karatasi moja kubwa, hadithi ya mlanguzi anayevusha karafuu kwa magendo, tukaibandika ubaoni karibu na lango la bandari ili wachukuzi waisome wakitoka kazini.

Shujaa hakutupa tabu. Shujaa hata umchore kwa mkaa, watu watampenda. Tabu ilikuwa mlanguzi.

Mara ya kwanza nilimpa pua ndefu, Hamoud akampaka rangi ya chai ya maziwa. Kesho yake watoto wakamfuata muuza vitambaa mmoja wa Darajani wakimzomea, na jioni milango ya duka lake ikavunjwa. Tukamtia weusi na tumbo. Mkuu wetu, Bwana Silima, akatuita: huyu ni mkwe wangu. Tukampaka wekundu wa mtu aliyechomwa na jua, ikawa anafanana na mtaalamu mmoja wa kigeni anayesimamia majumba mapya ya Kikwajuni. Kila rangi tuliyoshika ilikuwa na mwenyewe. Hata jina hatukuweza kumpa, maana kila jina lina mtu wake. Nilichoka. Nilitamani kuchora ng'ombe.

Siku ya huyo mtaalamu, Silima alisema neno la mwisho, na alipolisema hakunitazama mimi.

"Akifanana na mtu tena, Hamoud, wewe hapa kazi huna. Na sababu nitaiandika."

Sababu nitaiandika. Sote tulijua watu wenye majina ya Kiarabu kama la Hamoud huwaje sababu zao zikiandikwa. Wengine walichukuliwa asubuhi, na mpaka leo jamaa zao wanangoja. Hamoud alikuwa anakaa na mama yake, Bi Tamima, chumba kimoja, na huyo mama hakubakiwa na mwengine.

Basi unga niliupata kwa Bi Kidawa, anayekaa chini ya nyumba yetu.

"Shikamoo Bi Kidawa."

"Marahaba. Wa ngano sina. Chukua wa muhogo, nao unanata." Akanimiminia, kisha akashusha sauti. "Yule mwenzenu wa tatu hajambo?"

"Wa tatu yupi? Sisi tuko wawili."

"Anosimama dirishani magharibi ikiingia. Namsikia akimwita Hamoud. Jana kamwita kwa sauti yako, nkatoka nikusalimu. Kumbe na wewe huyo unatokea njiani, na mkebe wako wa maji."

Nikamtazama. Hakuwa anacheka.

"Mwambie mwenzio," akanong'ona, "akiitwa saa hizi asiitike mpaka mara ya tatu. Binadamu huita tatu. Wale hawafiki."

Nilimshukuru kwa unga. Mambo ya mashetani sikuwa na nafasi nayo; nilikuwa na mlanguzi asiye na rangi na karatasi ya kubandika asubuhi.

Nikapanda ngazi. Katikati ya ngazi nikasikia harufu... karafuu. Si kavu. Ni karafuu zilizoanikwa zikanyeshewa, zikavunda. Nyumba ile haikuwa na karafuu hata moja.

Hamoud alikuwa kainamia meza.

"Yakhe, njoo utazame. Nshaipata."

Mchana mimi nilikuwa nimeichora sura upya, kwa hasira tupu. Sikio hili, taya lile, macho yaliyopishana, kila kiungo nikikichagua kwa sababu hakikubaliani na mwenzake. Hamoud alikuwa ameitia rangi. Haikuwa kijivu, wala kijani, wala rangi ya udongo.

"Umechanganya nini?"

"Sikuchanganya. Ni machicha ya kopo."

Kopo la kuoshea brashi. Rangi zote tulizowahi kuzikataa, za muuza vitambaa, za mkwe, za yule mgeni, zilikuwa zimetuama chini ya lile kopo wiki baada ya wiki. Hamoud alimwaga maji akachota yale machicha. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeingia rangi ile mpaka kwenye fundo, na alipokisugua kwa kitambaa hakikutoka.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila ya kupiga hodi.

"Anafanana na nani?" akaniuliza.

"Hafanani na mtu."

"Basi nshapona. Mama leo atalala." Akacheka, mara ya kwanza wiki ile, na mwanya wake wa mbele ukaonekana.

"Bi Kidawa kaniambia kitu cha ajabu," nikaanza, huku nawasha jiko la mafuta kupika gundi.

Tik, tik.

Ndivyo Hamoud anavyofanya brashi ikijaa maji, huigonga mara mbili kwenye ukingo wa kopo. Sikujali. Nikakoroga unga.

Tik, tik.

Nikageuka. Hamoud alikuwa kanipa mgongo, kainamia macho ya mlanguzi. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya karatasi. Brashi kaibana kwa meno.

Kopo lilikuwa halipo mezani.

Tik, tik... Sauti ilitoka chumba cha nyuma, tusichokitumia. Harufu ya karafuu mbovu ikaja nzito, nikaionja ulimini.

Kisha ikaja sauti. Taratibu. Yenye uchovu na kero, kama mtu aliyeshinda foleni akakosa.

"Hamoud..."

Ilikuwa sauti yangu.

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Hamoud hakugeuka. Kwa nini ageuke? Anaitwa na mwenzake, chumbani mwao, na yeye mtoto aliyelelewa vizuri. Akaitoa brashi mdomoni kabla sijapata pumzi.

"Naam."

Jiko likazimika.

Harufu ikakatika pale pale. Nje mwadhini alikuwa anaadhini, na sikumbuki alianza saa ngapi. Hamoud akageuka kwangu.

"Unasemaje, Mjaka?"

Shati lilikuwa lake. Sauti ilikuwa yake. Ile sura... Haikuwa mbaya, ningependa uelewe hivyo. Mimi ni mchoraji, jicho langu likishika pua ya mtu haliiachi. Lakini pale jicho lilikuwa linateleza. Nilitazama sikio, nikafika taya, nikawa nimeshasahau sikio.

"Mbona wantazama hivyo?"

Nilikuwa natazama karatasi nyuma yake. Mlanguzi alikuwa anacheka, na alikuwa na mwanya.

Sikumchora na mwanya. Mistari ile ilikuwa mistari yangu, wino wangu, lakini sura ilikuwa ya Hamoud, mpaka kikovu chake cha nyusini.

Nilimsindikiza kwao. Njiani hakuna aliyemsalimu, na Hamoud Malindi yote inamjua. Bi Tamima akafungua mlango na taa mkononi.

"Mama, nimechelewa."

Aliinua taa. Akamtazama usoni. Kisha akanigeukia mimi.

"Mjaka, huyu nani? Mbona kaichukua sauti ya mwanangu?"

Hamoud alitaja jina la marehemu baba yake. Alitaja mambo ambayo mtoto wa nyumba ile tu huyajua. Kila alivyozidi kutaja ndivyo mama alivyozidi kurudi nyuma, mpaka mlango ukafungwa na tukasikia komeo. Hamoud alikaa kizingitini, mikono kichwani. Niliinama kufunga kiatu. Nilipoinuka, uchochoro ulikuwa na watu watatu wanaotoka msikitini, na sikuweza kujua kama mmoja wao ni yeye.

Asubuhi Bwana Silima aliikuta karatasi mezani.

"Mmemchora Hamoud."

"Bwana..."

"Yuko wapi?"

Silima alijijibu mwenyewe: amekimbia, na kukimbia ndiyo kukiri. Akaniamuru nibandike. Nikaipika upya ile gundi ya muhogo, nikabandika. Wachukuzi walisimama wakasoma, wakapeana viwiko. Hakuna aliyelalamika, maana safari hii aliyefanana hakuwepo wa kulalamika. Silima alinipongeza. Nilitamani kumtupia sufuria.

Bi Tamima alikuja siku ya pili. Akaja na ya tatu. Alisimama mbele ya ubao, kajifunika buibui, akimtazama mwanawe akicheka juu ya magunia ya karafuu. Wachukuzi wakimzomea, hakugeuka. Ndiko pekee uso ule ulikobaki. Mvua za masika zilipoanza kuibandua karatasi, alikuja na unga wake mwenyewe, aliojinyima, akawa anaibandika pembe kwa pembe.

Na kila alipokuja, kando yake kulikuwa na mtu kasimama. Nimemwona mara nyingi na siwezi kukueleza yukoje. Nilijaribu kumchora, naanza na jicho, na nikishusha macho kwenye karatasi nimeshalisahau. Nnachokijua ni kidole chake tu, kimeingia rangi mpaka kwenye fundo. Bi Tamima humsogezea bakuli la gundi amshikie, kama unavyomwomba mpita njia yeyote, na humwambia ahsante.

Mimi nimebaki peke yangu ghorofani. Kopo nilishalitupa baharini. Magharibi ikiingia, chumba cha nyuma huita.

"Mjaka..."

Ni sauti ya Hamoud. Naam hunijaa mdomoni nikauma ulimi. Kama ni yeye, ameshindwa kwa mama yake na amekuja kwangu, na mimi namnyima hata kumwitikia. Kama si yeye, nishalisikia mwenyewe linavyoweza kuiga sauti. Huita mara mbili, kisha tik, tik, kisha kimya. Mara mbili tu, na hapo mimi hushukuru nikamkumbuka Bi Kidawa: wale hawafiki tatu.

Jana liliita mara ya tatu.